Mzazi wa Miezi Mitano

Kijiji kizima cha Shoshong kilimpenda Mama Keneilwe, na hilo ndilo lililomchosha binti yake Keneilwe kuliko yote. Msiba ukitokea, wa kwanza kufika na sufuria alikuwa Mama Keneilwe. Nyimbo za kanisani zikilegea, yeye ndiye aliyezinyanyua. Alikuwa mwanamke msafi, mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa sawasawa, mkono wa kutoa na cheko la kusikika nyumba ya tatu. Wangeambiwa kwamba mtu huyu ana ugonjwa, wangeuliza ni wa miguu au wa presha.

Nyumbani walikuwa wawili tu. Baba mtu alikwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini Keneilwe akiwa na miaka minne, akapata huko mwanamke mwingine na utulivu, asirudi. Kwa hiyo hakukuwa na shahidi. Yule yule aliyewakumbatia wafiwa mchana aliweza kurudi jioni, akavua viatu, akaacha kusema kwa siku tatu. Sababu ilikuwa ni juu yako kuitafuta. Keneilwe alipokuwa na miaka kumi alimshukuru shangazi yake kwa viatu vipya kabla ya kumwonyesha mama. Siku tatu hakusemeshwa. Sahani yake iliwekwa chini mlangoni. Siku ya nne mama akamkumbatia, akalia, akamwita roho yake, akamkaangia magwinya, yale maandazi ya unga uliochachuka, sufuria nzima. Mtoto akala huku akilia kwa furaha. Akajifunza kwamba ukiomba msamaha kwa muda wa kutosha, hata kwa kosa usilolijua, mama anarudi. Kulisahau somo hilo kulimchukua miaka mingi.

Na msamaha ukichelewa, palikuwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe. "Nitainywa ile dawa mnizike, mfurahi," mama alikuwa akisema, kwa sauti ile ile ya mtu anayesema atakwenda dukani. Keneilwe alipohamia mjini Mahalapye kushona nguo za leteisi, zile za harusi za rangi ya buluu, alifuatwa na salamu hizo mara nne: njoo, mama yako anakufa. Mara nne aliacha kitambaa chini ya sindano akakimbia. Mara zote nne alimkuta mama anakanda unga au anapalilia, uso unang'aa. "Umekuja! Nilijua tu unanipenda." Halafu chai.

Niseme wazi kwamba Keneilwe hakuwa mjinga. Alikuwa na miaka thelathini na sita, ana mume, ana wateja waliosafiri kutoka Palapye kuja kushonewa naye. Lakini mtu anaweza kuwa mwerevu mahali pote duniani isipokuwa kwenye ua mmoja, ule wa kwa mama yake.

Mwaka 1996 alipopata ujauzito, ua huo ukamwita. Kwa desturi ya kwao, mwanamke akijifungua hulelewa kwa mama yake mzazi. Anakaa ndani miezi mitatu na mtoto. Langoni pa ua hulazwa gogo, si kubwa, unene wa mkono tu, na kila apitaye akiliona anajua humu mna mzazi, asiingie. Hasa wanaume, kwa kuwa miguu yao imetembea huko na huko na joto lake humdhuru mtoto. Hata mume hakanyagi. Siku zikitimia, mama wa mzazi huliondoa gogo mwenyewe, vigelegele vinapigwa, mzazi anatolewa nje, watu wanakula.

Keneilwe alitaka kulelewa kwake Mahalapye. Alilisema mara moja tu, kwa sauti ndogo. Wiki ile ile mjomba wake Kebonye, kaka wa mama, akashuka na koti lake la baraza na fimbo.

"Nasikia unataka kuzalia mjini," akasema kabla hajakaa vizuri. "Utalelewa na nani? Na cherehani?"

"Mjomba, ni kwamba mimi na Mama..."

"Wewe na mama yako nini? Mama yako yu hai, ana nguvu, ana mikono. Unataka watu waseme amekufanya nini?"

Hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyetaka lijibiwe. Keneilwe akamtazama mumewe Oteng, fundi wa mabehewa kwenye karakana ya reli, mtu mpole mwenye adabu ya kupitiliza. Oteng akasema, "Miezi mitatu si miaka, mke wangu." Ikawa imekwisha.

Akaenda Shoshong ujauzito ukiwa wa miezi minane. Kliniki ya pale ilikuwa na muuguzi mmoja wa makamo, Sista Galeboe, asiyecheka ovyo. Alimpima presha, akatazama kadi, akapima tena.

"Wiki iliyopita ulikuja peke yako, presha nzuri. Leo imepanda. Umekula chumvi?"

"Hapana, Sista."

"Umegombana na mumeo?"

"Yuko Mahalapye."

"Nani amekusindikiza leo?"

Keneilwe akatazama mlangoni. Nje, kwenye benchi, Mama Keneilwe alikuwa anawasimulia wajawazito habari za jogoo wake, nao walikuwa hoi kwa kicheko. Sista alisikiliza kicheko kile kidogo, akaufunga mlango.

"Nilifanya kazi miaka saba na wagonjwa wa akili," akasema. "Watu wanadhani mgonjwa ni yule anayevua nguo barabarani. Huyo ni rahisi, kila mtu anamwona. Wapo wengine ambao ugonjwa wao uko kwenye namna wanavyoishi na watu. Leo wewe malaika, kesho wewe shetani, katikati hakuna kituo. Wanaogopa kuachwa kuliko wewe unavyoogopa kufa. Na mara nyingi anayeuona ni mtu mmoja tu ndani ya nyumba. Mama yako sijampima, kwa hiyo jina simpi. Nakuuliza tu: unamjua mtu wa namna hiyo?"

Machozi yalimtoka Keneilwe bila kuombwa. Miaka thelathini na sita alikuwa anadhani ni yeye.

"Wanapona?"

"Wapo wanaotulia wakikubali kutibiwa. Huyo unayemjua atakubali?"

Keneilwe akacheka, na lilikuwa cheko lake la kwanza tangu afike.

"Basi usingoje apone ndipo uanze kuishi," Sista akasema. "Na usijitie udaktari wake. Kamata kadi yako."

Mtoto alizaliwa msichana, salama. Mama Keneilwe akampa jina la Wame, yaani "wangu", na hakuna aliyeuliza wangu wa nani. Gogo likalazwa langoni. Na hapo ikafuata miezi miwili ambayo Keneilwe hajui mpaka leo aihesabu upande gani.

Maana mama alimlea. Sitamnyima haki yake. Aliamka kabla ya majogoo kuchemsha maji. Alimkanda mgongo kwa mikono miwili mpaka uchungu ukayeyuka. Alimletea uji wa mtama uliochachushwa, mzito, wa moto, akasimama pale pale mpaka bakuli likabaki jeupe. Alimwimbia mtoto nyimbo ambazo Keneilwe alikuwa amesahau kwamba anazijua. Siku nyingine, akiwa amelala huku mama anamchana nywele, aliwaza kwamba Sista alikosea, kwamba huyu ndiye mama halisi na yule mwingine alikuwa ndoto. Lakini mwili wake haukukubali. Alikuwa akisikiliza jinsi mfuniko wa sufuria unavyowekwa, na hatua zinavyokuja mlangoni, kama ni nyepesi au nzito. Alikuwa anahudumiwa kama malkia na amechoka kama mbeba mizigo.

Mwezi wa pili ulipoisha alikosea. Alisema, "Mama, pumzika. Leo nitamwogesha Wame mwenyewe."

Mama akaliweka beseni chini taratibu. "Kumbe mikono yangu ina nini?"

"Haina kitu, Mama. Nilitaka tu..."

"Nimekuelewa. Mimi ni mtumishi. Kazi imekwisha."

Siku tisa. Uji uliwekwa chini mlangoni, umepoa. Keneilwe aliomba msamaha siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaomba akiwa amepiga magoti na titi linavuja. Siku ya kumi mama akaingia analia, akamwita roho yake. Keneilwe akalia pia, lakini safari hii kuna kitu ndani yake kilikaa pembeni kikitazama, kimechoka, kinasubiri tu yaishe.

Mwezi wa tatu ukatimia. Gogo halikuondolewa.

"Mtoto bado dhaifu," mama akasema. Wame alikuwa na mapaja yaliyojikunja mara tatu. Mwezi wa nne, mama akasema kuna upepo mbaya. Wa tano, akasema ameota. Kijijini walimsifu. "Mwanamke anayejua kulea, huyo," walisema wakipita nje ya lango. "Mabinti wa siku hizi wanatolewa mbio mbio, lakini tazama Mama Keneilwe!" Nani angelishuku gogo? Gogo lilikuwa heshima, na mtu mwenye haki ya kuliondoa alikuwa mmoja.

"Oteng hajaja?" Keneilwe aliuliza kila Jumamosi.

"Wanaume," mama alijibu, akimfunika mtoto. "Mimi najua mwanaume anavyosahau. Usimuulize, utajiumiza."

Simu ilikuwa posta tu, na mzazi haendi posta. Keneilwe alilala akitazama paa la nyasi. Aliwaza kwamba Oteng amechoka kusubiri, na kwamba kwa kweli nani asingechoka. Nguvu za kukasirika hakuwa nazo.

Ukatokea msiba mtaa wa pili, wa mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi, na misiba ilimvuta Mama Keneilwe kuliko kitu chochote. Alitoka asubuhi na sufuria zake mbili. Saa hiyo hiyo Sista Galeboe akaingia na sanduku la chanjo, kwa sababu kliniki haizuiwi na gogo. Siku zote alizokuja, mama alikuwa amekaa katikati yao. Leo kulikuwa na kigoda kitupu.

"Unatoka lini?" Sista akauliza, akitafuta paja la mtoto.

"Mama hajasema."

"Nimekuuliza wewe."

Keneilwe akamshikilia Wame mguu kwa ajili ya sindano.

"Mumeo alikuja kliniki Jumamosi," Sista akasema. "Aliniuliza amefanya kosa gani."

"Oteng alikuja Shoshong?"

"Anakuja kila Jumamosi, mama! Anashuka na vifurushi vyake, anasimama nje ya gogo kavua kofia. Mama yako anatoka, anavipokea, anamwambia umelala. Au anamwambia hutaki kumwona. Naye anashukuru anarudi zake. Mtu mzima! Nilimwambia, wewe Oteng, gogo hilo hata mbuzi analiruka. Ananijibu, 'Sista, siwezi kumvunjia mama mkwe heshima.'"

Sabuni ile ya kuogea mtoto. Blanketi la njano. Mama alisema amenunua yeye. Keneilwe alikaa na vitu hivyo viwili kichwani, na kwa mara ya kwanza hakutafuta kosa lake lilikuwa lipi. Watu wazima wawili, wameoana kanisani na kwa mahari ya ng'ombe, walikuwa wametenganishwa na kijiti kwa sababu wote wawili wana adabu. Mimi ningecheka, lakini yeye hakuwa na pumzi ya kucheka.

Hata hivyo hakuondoka siku ile. Najua msomaji angetaka aondoke. Mtu aliyezoea kuomba msamaha haamki akasimama kwa sababu ameambiwa ukweli. Ukweli wenyewe humlemea kwanza. Kilichomsimamisha kilikuja siku mbili baadaye.

Mama alirudi msibani akiwa na furaha, amesifiwa. Akamchukua Wame akaanza kumrusharusha. "Wewe ukirudi kwenye nguo zako," akamwambia Keneilwe, "huyu anabaki na mimi. Nimeshamwambia kaka yangu. Nilikulea wewe, nitamlea na huyu." Jambo hilo halikuwa la ajabu. Nusu ya watoto wa kijiji wanalelewa na bibi zao huku mama zao wako kazini mijini. Ukimnyima mama yako mjukuu, ndipo watu watakapouliza una nini.

Wame hakupenda kurushwa. Alikunja uso, akalia, akanyoosha mikono kwa mama yake.

Uso wa bibi ukabadilika. Akamlaza mtoto kwenye mkeka, akamgeuzia mgongo. "Hanipendi," akasema. "Sawa. Na mimi simgusi mpaka aniombe msamaha."

"Mama, ana miezi mitano."

"Anajua. Anajua sana."

Keneilwe alikuwa mbali kidogo, anakunja nepi. Mtoto alilia, akalia, kisha akanyamaza. Akawa anautazama ule mgongo kwa macho makubwa, kimya, kama anayejaribu kufahamu anachotakiwa kufanya. Keneilwe alimfahamu mtoto huyo. Akaweka nepi chini, akaenda, akambeba. Moyoni hakuwa na ushujaa wowote. Alikuwa na woga tu, ila woga huu sasa ulikuwa mkubwa kuliko ule wa zamani.

Jumamosi, Oteng akaja. Safari hii Keneilwe alikuwa ameketi karibu na dirisha tangu asubuhi. Alimwona akishuka kwenye pikapu aliyoazima kwa mwenzake wa reli, kavua kofia, kasimama nje ya gogo na mkate chini ya kwapa. Mama alikuwa ndiyo kwanza anajifuta mikono atoke. Keneilwe akamfunga Wame mgongoni, akatoka mlangoni mbele yake. Jua lilimpiga machoni mpaka akajikwaa. Alivuka ua, akainama, akalinyanyua gogo kwa mikono miwili, akaliegemeza kwenye uzio.

Jirani aliyekuwa anatwanga upande wa pili akaacha mchi juu.

"Keneilwe!" mama akaita. "Unaniua. Leo ndiyo unaniua. Naingia ndani kuinywa ile dawa."

Keneilwe alizijua hatua zinazofuata: kugeuka, kupiga magoti, kuomba. Magoti yenyewe yalianza kukunjika. "Nitapita kliniki nimwambie Sista Galeboe aje akuone, Mama," akasema. "Sasa hivi, tukiwa njiani."

Mama akamtazama. Akaitazama barabara. Majirani walikuwa wametoka watatu, wanne, wamekaribia uzio, na mmoja alikuwa na mkono kinywani. Na hapo Mama Keneilwe alifanya jambo ambalo Keneilwe hata leo akilisimulia hutikisa kichwa. Alifungua mikono, akapiga kigelegele kirefu, kikali, kilichopanda mpaka kwenye vilima. "Njooni! Njooni mwone! Leo namtoa mzazi wangu! Miezi mitano nimelea, leo namtoa!"

Wakaja. Wangeachaje? Walikuja wanacheza, kanga na mablanketi mabegani, wakimsifu mama kwa mtoto aliyenona. Mtu akaleta ngoma ya debe. Mjomba Kebonye akafika anahema, koti kaligeuza ndani nje, analalamika mbona hakuambiwa achinje mbuzi. Oteng akashikwa mkono, akavutwa uani, akawekwa mbele ya mkewe. Walitazamana.

"Nilidhani hunitaki," akanong'ona.

"Nilidhani umechoka."

"Nimechoka kweli," Oteng akasema, "lakini si wewe uliyenichosha."

Mama alikuwa katikati ya watu, anang'aa, analia machozi ya kweli. Nadhani alikuwa na furaha ya kweli pia. Kwake hayo hayakupishana. Akainua mkono wakanyamaza. "Na sasa mama yake anarudi kazini," akatangaza, "na Wame wangu anabaki na bibi yake!"

Vigelegele tena. Keneilwe akangoja viishe. Kwa siku nne alikuwa ametunga maneno, maelezo marefu yenye heshima, yenye sababu, yenye viatu vya utotoni na siku tisa za kimya. Yote yakamtoka kichwani.

"Habaki," akasema.

Mjomba Kebonye akasogea mbele na fimbo yake.

"Keneilwe," mjomba akasema taratibu, "ndivyo unavyomjibu mama yako mbele za watu? Mama aliyekulea miezi mitano?"

"Mjomba, amenilea na ninamshukuru. Mtoto habaki."

"Kwa sababu gani?"

Alimtazama mjomba wake, akamtazama mama, ambaye alikuwa anasubiri sababu kwa hamu, kwa kuwa sababu yoyote angeweza kuivunja. Hakuitoa. Alitembea hadi kwenye pikapu, akafungua mlango, akaketi na mtoto kifuani. Nyuma yake mama alianza kulia kwa sauti, na wanawake wakamzunguka, wakambembeleza. Hakuna aliyekuja upande wa gari. Oteng alimuaga mama mkwe wake kwa mikono miwili, kofia kwapani, kisha akawasha injini.

Wakasimama kliniki wakamwambia Sista. Kisha Keneilwe alilia mpaka Mahalapye. Hakumlilia mama yule wa siku tisa. Alilia kwa ajili ya ile mikono iliyomkanda mgongo, kwa sababu ilikuwa mikono mizuri na hangeipata tena.

Watu wanafikiri mtu akishasema hapana mara moja, amepona. Mwaka wa kwanza Keneilwe alisemwa kila mahali, kanisani, kwenye mashine za kushonea, kwa watu ambao hata hakuwajua. Salamu za tano zilikuja: mama yako anakufa. Alikwenda posta akampigia simu Sista, Sista akaenda akamkuta mgonjwa anatengeneza mikate ya harusi. Zikaja za sita na za saba. Kila mara Keneilwe alimtuma Sista, na kila mara alikaa akingoja simu, kwa kuwa alijua siku moja zitakuwa za kweli na yeye hatakuwa amekimbia. Hilo hakuna anayeweza kumwondolea. Anatembea nalo kama watu wengine wanavyotembea na goti bovu.

Mwisho wa kila mwezi walikwenda Shoshong kwa muda wa saa mbili tu, mchana, Oteng akiwepo. Mama akiwa mzuri walikunywa chai. Akiwa mbaya waliondoka mapema. Keneilwe aliacha kuuliza amekosa nini. Wame hakuachwa peke yake na bibi yake, hata kwa muda wa kwenda chooni, na bibi alijua, na Keneilwe alijua kwamba anajua, na chai ilinywewa hivyo hivyo.

Wame akiwa na miaka minne, walikwenda siku moja wakamkuta bibi kanuna. Walikuwa wamechelewa, lori lilikuwa limepinduka barabarani. Hakuwajibu salamu. Alimenya viazi, akamenya, kisha akamwinamia mtoto, si mama yake, akamwambia kwa ile sauti laini, "Wame, bibi yako akifa kesho, utafurahi?"

Keneilwe alikuwa ameshanyanyuka nusu. Mwili wake wote ulikuwa umerudi miaka thelathini nyuma, unatafuta kosa.

Wame alikuwa anapanga maganda ya viazi kwa mstari. Akafikiri. "Kesho hapana, Bibi," akasema. "Kesho tunakwenda kwa shangazi Palapye. Kufa siku nyingine."

Oteng alipaliwa na mate. Bibi alibaki na kisu hewani, mdomo wazi, anangoja mtoto alie, amkumbatie, amwombe asife. Wame alikuwa ameshamaliza maganda. Aliuliza kama anaweza kwenda kuona kuku, akaambiwa na mama yake kwamba muda umekwisha, wanaondoka. Akasimama, akajikung'uta gauni, akasema kwaheri Bibi. Akatoka anaruka kwa mguu mmoja hadi kwenye gari, na hakugeuka hata mara moja kumtazama bibi yake usoni.